Deheni, Kimea na Mkongo

Jahazi linapopandishwa ufukweni wakati wa bamvua, bahari ikarudi zake na kuliacha limeegemea miti ya kulitegemeza ubavuni, mafundi huanza kwa kulikwangua chaza na mwani ulioganda tumboni mwake, kisha hupitisha mienge ya makuti makavu chini ya mbao ili moto na moshi viwatafute wadudu waliokwisha kufanya makazi humo, na baada ya hayo yote ndipo hulipaka deheni, yaani shahamu ya mnyama iliyochemshwa pamoja na chokaa, kuanzia mkukuni hata pale maji yafikapo chombo kikiwa na shehena. Mbao za juu ya maji hupewa sifa, mafuta ya ini la papa, ambayo harufu yake humtangulia nahodha bandarini kabla ya salamu zake. Kazi hiyo haina mwisho. Baada ya miezi michache deheni huwa imelika, na chombo hupandishwa tena.

Mgeni aonaye kazi hiyo huweza kuuliza kwa nini watu wenye ustadi wa kuunda chombo kiwezacho kwenda Maskati na kurudi wasitafute dawa ya kudumu, wakapumzika. Na swali lake si la upuuzi, maana limewashughulisha wataalamu wa mataifa makubwa kwa karne nyingi. Walakini ndani yake mna kosa. Deheni haikupakwa idumu. Imepakwa iharibike, na kuharibika kwake ndiko kazi yake. Kila kitu kikaacho katika dunia hii kina mlaji wake: mbao zina mdudu, chuma kina kutu, nguo ina kuvu, na habari isafirio ina upotevu wa njiani, na mimi naona kwamba hikima ya wavumbuzi walio wengi imekuwa katika kuamua mapema nini kiachwe kiliwe ili nini kisalie. Uamuzi huo nataka kuufuata katika sanaa tatu ambazo kwa sura ya nje hazina udugu hata kidogo: vipako vya kuhifadhi vitu, nguo na ngozi zinazotengenezwa kwa vimeng'enya, na upelekaji wa habari katika mitandao.

Tumwanze mlaji mwenyewe. Kiumbe atoboaye mbao za majini huitwa mdudu kwa mazoea ya ulimi tu, kwa kuwa kwa nasaba ni ndugu wa chaza. Mwili wake ni mrefu na laini mfano wa mnyoo, na yale magamba mawili ambayo ndugu zake huyafanya nyumba, yeye ameyapunguza yakawa kekee ndogo kichwani, akichimba kwayo mchana na usiku ndani ya ubao, huku nyuma yake akiupaka mfereji wake chokaa. Kwa hiyo chokaa imo katika pande zote mbili za vita: fundi huipaka nje ya ubao ili amzuie mdudu, na mdudu huipaka ndani ya ubao ili astarehe. Katika miaka ya 1730 nchi ya Uholanzi, ambayo sehemu yake iko chini ya usawa wa bahari na husalimika kwa kuta za kuzuilia maji, ilifadhaika sana ilipotambua kwamba miti iliyozikinga kuta hizo imeliwa ndani hata ikawa kama sega la nyuki, ikabidi mawe yatafutwe kutoka mbali yawekwe mahali pa miti. Ni katika fadhaa hiyo, mwaka 1733, Gottfried Sellius alipotoa kitabu akaeleza kwamba mharibifu huyo ni wa jamii ya chaza na kombe. Husimuliwa pia kwamba mhandisi Marc Brunel alimtazama kiumbe huyo akichimba ilhali kichwa chake kimekingwa kwa magamba, akatunga ngao ya chuma ya kuwakinga wachimbaji, akaipatia hati ya uvumbuzi mwaka 1818. Na kwa ngao ya namna hiyo likachimbwa handaki chini ya mto Thames mjini London, lililofunguliwa mwaka 1843.

Manowari za Kiingereza zilipoanza kukaa miaka mingi katika bahari za joto, shahamu na lami hazikutosha tena. Mwaka 1761 manowari iliyoitwa Alarm ilivishwa tumboni mabamba membamba ya shaba nyekundu, ikapelekwa katika visiwa vya Karibi, ambako mdudu wa mbao ni mkali. Iliporudi, mbao zilikuwa salama na shaba ilikuwa safi, maana shaba huyeyuka kidogo kidogo katika maji ya chumvi, na sumu yake huwafukuza wadudu na magugu. Lakini misumari ya chuma iliyoyashika mabamba ilikuwa imeoza, na baadhi ya mabamba yalikuwa yamekwisha dondoka. Wakaguzi wakaona ajabu moja. Misumari michache ilikuwa mizima kabisa, na kila mmoja katika hiyo ulikuwa umetenganishwa na shaba kwa kipande cha karatasi ya kahawia, karatasi ile ile iliyofungiwa mabamba yalipoletwa, ambayo mafundi walikuwa hawakujisumbua kuibandua. Uvivu wa mtu mmoja ukawafundisha wakubwa wa jeshi la bahari jambo ambalo bidii ya wengi haikulifundisha.

Sababu yake ilikuja kufahamika baadaye. Metali mbili zisizofanana zikigusana ndani ya maji ya chumvi huwa mfano wa betri, mkondo mdogo wa umeme ukapita kati yake, na ile iliyo nyonge huliwa ilhali ile yenye nguvu husalia. Chuma mbele ya shaba ni kinyonge, basi kikaliwa. Humphry Davy, mwanakemia mashuhuri wa London, mwaka 1824 aliigeuza hesabu hiyo: serikali ilipomwomba atafute njia ya kuizuia shaba ya manowari isilike upesi, alifunga juu ya shaba vipande vidogo vya zinki na vya chuma, vinyonge kuliko shaba, akatabiri kwamba hivyo ndivyo vitakavyoliwa na shaba itasalimika. Utabiri ulitimia barabara, na hapo ndipo balaa lilipoanza. Shaba iliyoacha kuliwa iliacha pia kutoa sumu yake, na manowari zikarudi bandarini zimeota ndevu za mwani na kujaa chaza, zikijikokota kama chombo kinachoburura nanga. Davy alikuwa amekihifadhi kitu ambacho manufaa yake yalikuwa katika kuharibika kwake. Vipande vile vikaamriwa viondolewe, na maskini Davy, ambaye kwa elimu hakukosea hata neno moja, akabaki na fedheha. Katika visa vyote vya vipako nilivyopata kuvisoma, hiki ndicho ningependa kila mwanafunzi wa uhandisi asimuliwe kabla hajashika burashi.

Kile kilichomfedhehesha Davy majini kiliwatajirisha watu wengine nchi kavu. Mwaka 1837 Stanislas Sorel alipata mjini Paris hati ya uvumbuzi wa kukichovya chuma katika zinki iliyoyeyushwa, na huo ndio ufundi uliotupa bati la kuezekea. Chuma husafishwa kwa tindikali mpaka king'ae, kisha huzamishwa katika zinki yenye joto la kama digrii 450 za selsiasi, na zinki haikai juu yake kama rangi ikaayo juu ya ukuta, bali huingiana nacho, metali mbili zikawa tabaka za mchanganyiko zisizoweza kubanduliwa kwa ukucha. Bati la kawaida lenye kipimo cha gramu 275 za zinki kwa kila mita moja ya mraba, pande zote mbili zikihesabiwa pamoja, lina vazi lenye unene wa mikroni 20 hivi kwa kila upande, yaani sehemu 20 tu katika elfu za milimita moja, na unywele wa mtu huuzidi unene huo mara tatu au zaidi. Mikunjo ya bati nayo, ile iliyompa mtoto wa Kiswahili sauti ya mvua anayolalia, ilibuniwa na Henry Palmer katika gati za London mwaka 1829, ili bamba jembamba lipate nguvu ya bamba nene.

Uzuri wa zinki huonekana pale bati linapokwaruzwa. Rangi ikikwaruzwa, kutu huingia kwa mwanya huo na kutambaa chini yake, ikainyanyua rangi yote. Lakini zinki ikikwaruzwa na chuma kikaonekana, ile zinki ya pembeni hujitoa mhanga, ikaliwa yenyewe, na chuma kilicho uchi kikakaa bila kutu kwa muda mrefu, ikiwa kidonda si kipana. Kwa sheria hiyo hiyo fundi mwangalifu hafungi waya wa shaba juu ya paa la bati, wala haruhusu maji ya mvua yaliyopita juu ya shaba yateremkie bati, kwani kisa cha misumari ya Alarm kitarudiwa juu ya nyumba ya mtu. Pwani, ambako upepo wa kusi huja na chumvi, zinki huisha upesi kuliko bara, na mwenye nyumba wa Bagamoyo au wa Lamu hufahamu jambo hilo bila ya kufundishwa na mtu. Mwaka 1972 kampuni ya Bethlehem Steel ya Marekani ilitoa sokoni kipako kingine ambacho asilimia 55 yake ni aluminiamu, kiasi kilichobaki kikiwa zinki pamoja na silikoni kidogo: aluminiamu hudumu, zinki huliwa. Wagawa kazi walikuwa wameielewa hesabu.

Bahari nayo ilileta onyo la pili. Kuanzia miaka ya 1960 matumbo ya meli yalipakwa rangi zenye sumu ya bati nyeupe iliyochanganywa na kaboni, kali kuliko shaba mara nyingi, na meli zikaenda mbio na kuokoa mafuta. Lakini kipako kinachotoa sumu hakiulizi nani amekuja kuganda na nani anapita njia. Katika ghuba ya Arcachon, nchini Ufaransa, chaza wanaofugwa wakaanza kuota magamba mazito ya ajabu na kushindwa kuzaa, na Ufaransa ikapiga marufuku rangi hizo kwa vyombo vidogo mwaka 1982. Mkataba wa mataifa wa kuzikomesha ulipitishwa mwaka 2001, ukapata nguvu ya sheria mwaka 2008. Mlaji alikuwa amefungwa kinywa, na jirani yake akafa njaa.

Yuko mlaji mwingine mwenye adabu zaidi, na wanawake wetu walimjua kabla hajapewa jina na maprofesa. Mpishi wa togwa hupika uji mzito wa mahindi, mzito hata mwiko husimama, akauacha upoe mpaka uwe na uvuguvugu, kisha akautia unga wa kimea, yaani ulezi uliooteshwa, ukakaushwa na kusagwa. Na muda si mrefu uji ule huanza kulegea wenyewe, ukawa mwepesi wa kunyweka, na ladha yake ikaingia utamu ambao hakuna aliyeutia. Akitia kimea uji ukiwa bado unatokota, hapati kitu. Kilichotendeka ni kwamba wanga, ambao ni mnyororo mrefu wa sukari uliofungamana, umekatwa vipande na kitu kilichomo katika mbegu iliyoota, ambacho mbegu ilikitengeneza kwa ajili ya kuila akiba yake yenyewe. Kitu hicho ni kimeng'enya. Si mnyama wala si mdudu. Ni chembe ya protini iliyokunjwa kwa umbo maalumu, yenye kuharakisha kazi moja ya kikemia bila kujimaliza, na joto kali huikunjua ikaharibika. Mwaka 1894 Emil Fischer wa Ujerumani aliifananisha na ufunguo na kufuli yake, na mfano huo ungali ukitumika mpaka leo: kimeng'enya cha wanga hakifungui pamba, na cha pamba hakifungui ngozi.

Wenye viwanda vya nguo walikuwa na haja kubwa ya mlaji mteuzi wa namna hiyo. Nyuzi za mtande, zile zinazotangulia kutandazwa kitandani mwa kufumia, husuguliwa na kuvutwa sana mshindio upitapo, na zisipokingwa hukatika. Kwa hiyo hupakwa wanga kabla ya kufumwa. Wanga huo ndio deheni ya uzi. Nguo ikisha kufumwa, deheni hiyo huwa uadui, kwani nguo yenye wanga hainywi maji wala rangi. Zamani nguo iliachwa majini ichache kwa siku kadhaa, au ilitiwa tindikali, na tindikali haina uchaguzi, hula wanga ikala na pamba. Hapo ndipo maji ya kimea yalipoingia viwandani Ulaya, kitu kile kile kilichomo katika chungu cha togwa, na baadaye nafasi yake ikachukuliwa na vimeng'enya vilivyotolewa katika bakteria, vyenye kustahimili joto kuliko vya nafaka. Wanga huondoka, pamba husalia.

Habari za ngozi nitazitaja kwa haraka, kwa heshima ya msomaji aliye mezani. Kwa karne nyingi watengenezaji wa ngozi laini za glovu waliziloweka ngozi katika maji yaliyochanganywa na mavi ya mbwa au ya njiwa, kwa sababu waliona kwamba hulainika, wala hawakujua kwa nini. Mwaka 1907 Mjerumani Otto Röhm alianza kuuza dawa iliyotokana na vimeng'enya vya kongosho, tezi iletayo maji ya kusaga chakula tumboni, ambayo iliifanya kazi ile ile bila uvundo. Na kampuni aliyoianzisha pamoja na Otto Haas ikapata utajiri mkubwa. Ukweli ni kwamba mavi yale hayakuwa na siri nyingine ila hiyo: walaji wa protini walikuwamo ndani yake, wakila yale yanayoikaza ngozi na kuuacha uzi wake wa asili.

Kisa cha jinzi kinastahili mwendo wa polepole. Wakati wa vita kuu ya pili, askari wa Marekani waliopiga kambi katika visiwa vya Solomoni waliona mahema yao na mikanda yao ya turubai ikioza kwa muda mfupi. Mlaji alikuwa kuvu. Jeshi likamchukua kuvu huyo na wenzake likawahifadhi katika maabara, kwa nia ya kutafuta kipako cha kuwazuia. Na huko Elwyn Reese pamoja na Mary Mandels wakajifunza kwa miaka mingi jinsi anavyokula, wakaona kwamba hutoa kwa wingi vimeng'enya vya kukata selulosi, ambayo ndiyo mwili wa pamba na wa mbao. Mwaka 1977 kuvu huyo akapewa jina la Reese, akaitwa Trichoderma reesei, na adui wa mahema akawa mwajiriwa wa viwanda. Kazi yake mashuhuri ilikuwa hii. Vijana wa miaka ya 1970 na 1980 walipenda jinzi iliyopauka kana kwamba imekwisha kuvaliwa miaka mitano, na wenye viwanda walizifua pamoja na mawe mepesi ya volkeno, kilo kwa kilo, hata mawe yakawa mchanga, mchanga ukaziba mabomba, na mashine zikachakaa kabla ya suruali. Sasa nili, rangi ya jinzi, ina tabia moja: haiingii katika moyo wa uzi, hukaa juu yake kama pete. Kimeng'enya cha selulosi kikitiwa kidogo katika maji ya uvuguvugu hula vijinyuzi vya juu tu, na nili iliyovikalia huanguka navyo; kisha fundi hupandisha joto au hubadili uchachu wa maji, kimeng'enya kikafa, kazi ikakoma. Akichelewa, nguo hulegea na kuraruka, maana mlaji hajui uzuri, anajua kula. Bila shaka nyingi katika jinzi tunazozichambua katika marobota ya mitumba zimepitia kinywa cha kuvu wa Solomoni, na mnunuzi hulipia zaidi ile iliyolika vizuri.

Na mdudu wetu wa mbao? Ndani ya matamvua yake, anamopumulia, wamekaa bakteria wanaotengeneza vimeng'enya vya jamii hiyo hiyo, na kwavyo hulisaga vumbi la mbao analolimeza. Wamepewa jina la Teredinibacter turnerae, kwa heshima ya Ruth Turner, bibi aliyetumia umri wake kuwachunguza wadudu hao. Mahema, jinzi na jahazi vina mlaji wa ukoo mmoja.

Mdudu huyo, pamoja na jamaa zake, hakuishia katika mbao. Watu walipotaka kupitisha waya wa simu chini ya bahari, shida yao ya kwanza ilikuwa deheni, kwa sababu umeme ukiguswa na maji hutoroka. Dawa ilipatikana katika misitu ya Malaya, utomvu wa mti uitwao gutapecha, ambao hulainika katika maji ya moto na kukaza katika maji ya baridi, na ambao William Montgomerie aliupeleka London mwaka 1843. Kwa utomvu huo waya ukafikishwa Ufaransa kutoka Uingereza mwaka 1851, na mwaka 1858 ukavuka Atlantiki kutoka Ireland hadi Newfoundland. Salamu za Malkia Victoria, maneno 98 tu, zilichukua saa 16 kupita. Kisha baada ya wiki chache msimamizi wa umeme, Wildman Whitehouse, akidhani kwamba sauti isiyosikika hupaswa kupigiwa kelele, alipitisha umeme wenye nguvu kubwa mno, ukatoboa kipako kilichokwisha kuwa dhaifu, na waya ukafa. Waya uliodumu haukupatikana mpaka mwaka 1866. Katika bahari za joto viumbe watoboao waliukuta utomvu huo ukiwafaa, ikabidi waya uviringishiwe utepe wa shaba, kana kwamba ni manowari ndogo. Waya wa namna hiyo ulifika Unguja mwaka 1879 kutoka Aden, ukaendelea kusini hata Msumbiji na Durban, na tangu siku hiyo bei ya karafuu ya London ilijulikana Unguja kabla ya jahazi kumaliza kupakia.

Waya wa siku hizi, ambao Tanzania tumeuzoea kwa jina la mkongo, haubebi umeme wa habari bali nuru, na humo kipako kimepanda cheo. Unywele wa kioo upitishao nuru una unene wa mikroni 125, na katikati yake mna kiini cha mikroni 9 hivi. Kioo cha nje hakikuwekwa kwa ajili ya ulinzi tu. Kimetengenezwa kwa namna ambayo nuru iliyo kiinini hushindwa kutokea kwa ubavu wake, ikaregeshwa ndani kila ikigusa mpaka, na bila kipako hicho hakuna habari. Unywele huo ukivutwa kutoka kinuni mwake, hupakwa papo hapo plastiki laini inayokazwa kwa miale ya urujuanimno kabla haujaguswa na kitu chochote, kwani kioo kilichoguswa kikiwa uchi hupata nyufa zisizoonekana, kikaja kukatika siku nyingine. Juu yake huja shaba, juu ya shaba huja polithini, na mahali maji yalipo haba, karibu na pwani, huja nyaya za chuma zilizochovywa katika zinki na nyuzi zilizopakwa lami.

Lakini kipako bora kabisa hakiizuii habari isipotee kabisa, na hapa ndipo wavumbuzi wa mitandao walipotenda lile ambalo Davy angelielewa. Katika simu ya zamani, watu wawili wakizungumza, njia nzima kati yao hukodiwa, na ikikatika mahali pamoja mazungumzo yote hufa. Mnamo miaka ya mwanzo ya 1960 Paul Baran huko Marekani, akiwaza jinsi mawasiliano yatakavyosalimika vitani, na Donald Davies huko Uingereza mwaka 1965, akiwaza mambo ya amani kabisa, walifikia shauri moja bila ya kujuana: habari ikatwe vipande vidogo, kila kipande kifungwe peke yake na kuandikwa anwani, kisha kiachiliwe kitafute njia. Davies ndiye aliyevipa vipande hivyo jina la pakiti. Tarehe 29 Oktoba 1969 mtandao wa kwanza mkubwa wa namna hiyo, ARPANET, ulipeleka neno lake la kwanza kutoka Los Angeles. Neno lilikuwa na herufi tano, zikafika mbili, na mtambo wa upande wa pili ukazimika. Mwanzo uliowafaa watu waliokusudia kuishi na upotevu.

Kila pakiti ina vazi la namba, itifaki zikiamuru namba gani ikae wapi: itokako, iendako, urefu wake, na namba moja ya kupendeza ambayo hupunguzwa moja kwa kila kituo inachopita, na ikifika sifuri pakiti hutupwa, isije ikazunguka mtandaoni milele. Pakiti nayo imeandikiwa ajali yake. Vinton Cerf na Robert Kahn, katika makala yao ya mwaka 1974, wakifaidika pia na kazi ya Mfaransa Louis Pouzin, walikubali kwamba mtandao wenyewe usiahidi chochote. Kituo kikielemewa, na kitupe. Jukumu la ukamilifu liwe mikononi mwa wale wawili wa mwisho, mpelekaji na mpokeaji, ambao huhesabu vipande, na kisichofika hupelekwa tena. Itifaki hizo zikawa sheria ya ARPANET tarehe 1 Januari 1983.

Miaka mitatu baadaye sheria hiyo ilikaribia kuangamia. Mnamo Oktoba 1986, baina ya maabara na chuo huko Berkeley, Marekani, mahali palipotengana kwa yadi 400 tu, mwendo wa habari ulishuka kutoka biti 32,000 kwa sekunde hadi biti 40, ambao ni mwendo wa mtu apigaye taipu. Njia haikukatika. Ila kila mtambo ulipoona pakiti zake hazifiki ulizirudia, marudio yakaongeza msongamano, msongamano ukaongeza upotevu, kama watu wanaopiga kelele sokoni kwa sababu wenzao wanapiga kelele. Van Jacobson, aliyekuwa akifanya kazi katika maabara hiyo, alitoa dawa yake mwaka 1988, na kwa maoni yangu haina kifani kwa uchache wa maneno yake: pakiti inayopotea ichukuliwe kuwa ni habari kamili, habari ya kwamba njia imejaa, anayepoteza apunguze mwendo kwa nusu, na asiyepoteza aongeze kidogo kidogo. Tangu hapo upotevu ukawa mpelelezi wa mtandao. Msomaji anapotazama picha jongefu katika simu yake, pakiti kadhaa zake zinakufa saa hiyo hiyo katika vituo vya mbali, na kwa vifo hivyo mtandao hujua kiasi chake.

Afrika ya Mashariki iliingia katika hesabu hiyo kwa kuchelewa. Mpaka mwaka 2009 habari zetu nyingi zilipanda kwenda kwa setilaiti na kuteremka, kwa gharama kubwa na kwa kuchelewa kunakosikika katika simu. Mwaka huo ukafika mkongo wa SEACOM, na ule wa TEAMS uliolazwa kutoka Fujairah hadi Mombasa, wenye urefu unaokaribia kilomita 5,000, njia ile ile ambayo majahazi ya Ghuba yaliipita kwa upepo wa kaskazi. Mwaka 2010 ukafuata wa EASSy. Mei 2024 mikongo miwili ilipopata hitilafu siku moja kusini, kati ya Msumbiji na Afrika Kusini, Tanzania iliona mtandao ukizimika au ukitambaa, huku pakiti zilizoweza zikizunguka kwa njia nyingine ndefu.

Mlaji wa mkongo aghalabu si kiumbe cha bahari. Mwezi wa Februari 2012 meli iliyokuwa ikingoja kuingia Mombasa ilitupa nanga mahali palipokatazwa, ikaukata TEAMS. Kwa ajali kama hizo kuna meli maalumu za matengenezo, ambazo huufuata mkongo kwa ndoana ya chuma sakafuni mwa bahari, huupandisha sitahani, huukata mahali penye kidonda na kuupima hata wapate uzima wake. Kisha mafundi wawili huketi katika chumba kisicho na vumbi, wakazivua nywele za kioo plastiki yake, wakaziunganisha moja moja kwa cheche ya umeme, na kila moja ikapakwa upya. Polithini humiminwa ya moto juu ya kiungo na kuachwa ikaze. Hupigwa picha ya eksirei kutazama kama kuna tundu la hewa. Likionekana tundu, hukata wakaanza tena. Lisipoonekana, huviringisha nyaya zenye zinki na nyuzi zenye lami, wakauteremsha mkongo majini.